Jua, volkano na joto la dunia: kipi kilifanya nini, na lini?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari. Kila ninapofundisha mabadiliko ya tabianchi, hupata wanafunzi wanaoniambia kwamba dunia iliwahi kupoa na kupata joto karne nyingi kabla ya viwanda na magari, na kwamba yaliyosababisha hayo ni jua na volkano. Naona wana hoja, nami nakosa la kuwajibu. Je, ni kweli kwamba viwili hivi vilibadilisha joto la dunia? Kwa kiasi gani, na tunajuaje? Na kwa nini tusiseme kwamba hata joto la sasa limetokana navyo?

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wana hoja ya kweli, na haifai wanyamazishwe. Jua na volkano vimebadilisha joto la dunia mara nyingi kabla mwanadamu hajachimba hata gunia moja la makaa ya mawe, na baadhi ya mabadiliko hayo yaliharibu mazao na kuua watu kwa njaa. Kinachopungua katika hoja yao ni mambo mawili, yaani kiasi na tarehe. Anayesema kwamba jua lilidhoofika na dunia ikapoa, bila kueleza lilidhoofika kwa kiasi gani na kama baridi ilianza kabla au baada ya hapo, bado hajathibitisha kitu. Nitajikita zaidi katika miaka elfu moja na ushei iliyopita, kwa sababu ushahidi wake ni mwingi na wa aina nyingi, na kwa sababu ndani yake kimo kipindi cha baridi, takriban kuanzia karne ya 13 au ya 14 hadi katikati ya karne ya 19, kinachoitwa Enzi Ndogo ya Barafu, ambacho watu wengi hukitaja kuwa ni kazi ya jua. Kwa maoni yangu jua limepewa sifa kubwa kuliko linavyostahili katika jambo hilo, na volkano zimesahauliwa isivyo haki.

Nianze na volkano, kwa kuwa hizo tumeweza kuzipima zikiwa kazini. Wengi hudhani kwamba kinachopoza dunia ni majivu yanayotanda angani, lakini majivu ni mazito na sehemu kubwa huanguka katika siku au wiki chache. Kinachopoza ni salfa. Mlipuko mkubwa hurusha gesi ya dioksidi ya salfa hadi kwenye tabaka la angahewa liitwalo stratosfia, ambalo katika maeneo ya tropiki huanzia kama kilomita 17 kutoka usawa wa bahari. Huko juu hakuna mvua ya kuisafisha. Kwa muda wa wiki kadhaa gesi hiyo hugeuka kuwa matone madogo mno ya asidi ya salfa, ambayo hurudisha sehemu ya mwanga wa jua angani kabla haujaifikia ardhi, na matone hayo huweza kubaki juu kwa mwaka mmoja hadi mitatu. Ikiwa volkano iko karibu na Ikweta, upepo wa stratosfia huyasambaza kaskazini na kusini, na dunia nzima hupungukiwa na mwanga.

Kwa hiyo ukubwa wa mlipuko kwa macho ya jirani si kipimo cha athari yake kwa joto la dunia. Nyiragongo ilipolipuka mwaka 2002, na tena mwaka 2021, lava ilitiririka hadi Goma, watu wakafa na maelfu wakapoteza nyumba, lakini joto la dunia halikutikisika. Jirani yake, Nyamulagira, kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa volkano zinazotoa dioksidi ya salfa nyingi kabisa duniani, hata hivyo sehemu kubwa ya gesi hiyo hubaki katika hewa ya chini, ambako mvua huiosha baada ya siku chache. Oldoinyo Lengai nayo hutoa lava yake nyepesi ya ajabu bila kugusa tabianchi ya dunia. Volkano inayopoza dunia lazima iwe na salfa nyingi na iirushe juu ya kutosha.

Mlipuko uliotufundisha zaidi ni ule wa Pinatubo, katika kisiwa cha Luzon huko Ufilipino, tarehe 15 Juni 1991. Ulirusha takriban tani milioni 15 hadi 20 za dioksidi ya salfa, na setilaiti ziliuona utando wake ukiizunguka dunia katika muda wa wiki tatu hivi. Mwanga uliozuiwa, ulipofikia kilele, ulikuwa sawa na wastani wa takriban wati 3 kwa kila mita ya mraba ya uso wa dunia. Hapa pana jambo ambalo ningependa wanafunzi wako walisikie vizuri: kundi la watafiti lililoongozwa na James Hansen, katika taasisi ya NASA iliyoko New York, liliweka kiasi hicho cha salfa katika kielelezo cha kompyuta na kuchapisha, mwanzoni mwa mwaka 1992, utabiri kwamba wastani wa joto la dunia utashuka kwa takriban nusu nyuzi ya Selsiasi kisha upande tena baada ya miaka michache. Utabiri ulichapishwa kabla ya tukio kukamilika, na dunia ikafanya karibu kama ulivyosema: joto lilishuka kwa takriban nyuzi 0.5 mwaka 1992, na kufikia mwaka 1995 lilikuwa limerudi. Sayansi haipati mara nyingi jaribio safi namna hiyo la sayari nzima.

Tukishajua Pinatubo ilifanya nini, tunaweza kurudi nyuma na kuisoma milipuko ya zamani. Kumbukumbu yake imo katika barafu ya Greenland na ya Antaktika, ambako theluji ya kila mwaka hulala juu ya ile ya mwaka uliotangulia na kushindiliwa kuwa barafu. Salfa inaposhuka kutoka stratosfia huacha tabaka la asidi ndani ya barafu hiyo. Watafiti hutoboa hadi chini kwa mitambo, hutoa nguzo ndefu za barafu, huhesabu miaka na kupima asidi. Salfa ikionekana Greenland peke yake, volkano yenyewe ilikuwa kaskazini. Ikionekana katika ncha zote mbili za dunia kwa wakati mmoja, mara nyingi ilikuwa tropiki. Ushahidi wa pili umo katika miti ya maeneo ya baridi, kwa kuwa mwaka wa kiangazi hafifu huacha pete nyembamba au yenye mbao nyepesi. Pale ambapo salfa ya barafuni na pete za miti zinataja mwaka mmoja, tunasimama juu ya ardhi imara.

Kwa njia hiyo iligunduliwa kwamba mmoja wa milipuko mikubwa kabisa ya miaka elfu mbili iliyopita ulitokea mwaka 1257. Salfa yake ilionekana katika ncha zote mbili, lakini kwa miongo mitatu hivi hakuna aliyejua ni mlima gani uliolipuka. Ni mwaka 2013 ambapo timu iliyoongozwa na Franck Lavigne, mtafiti Mfaransa, ilionyesha kuwa ni volkano ya Samalas, iliyokuwa kando ya mlima Rinjani katika kisiwa cha Lombok, Indonesia. Walipima tarehe za miti iliyofukiwa na majivu, wakalinganisha kemia ya vioo vya volkano, kisha wakazisoma hati za kale zilizoandikwa juu ya majani ya mtende, zinazosimulia jinsi mlima ulivyoporomoka na mji wa Pamatan ukafukiwa. Mimi huuona ugunduzi huo kuwa mzuri kuliko mingi niliyoisoma, kwa sababu watu wa Lombok walikuwa wameiandika habari hiyo muda mrefu kabla mtu yeyote hajatoboa barafu ya Greenland.

Mlipuko wa Samalas haukuwa peke yake. Barafu inaonyesha kwamba katika miongo mitatu iliyoufuata kulikuwa na milipuko mingine kadhaa yenye salfa ya kutosha, na hapo ndipo tunapokutana na swali ambalo mwanafunzi makini atakuuliza: ikiwa salfa hushuka baada ya miaka mitatu, volkano zinawezaje kuleta baridi ya karne nyingi? Jibu limo baharini. Bahari ni kama sufuria kubwa iliyojaa maji: ukipunguza moto kwa muda mfupi tu, maji hayapoi sana, lakini ukiupunguza tena na tena kabla hayajarudia joto lake, yanapoa hadi ndani. Milipuko inapofuatana kwa karibu, bahari haipati nafasi ya kujirudisha. Pamoja na hilo, barafu ya bahari ya Aktiki hupanuka, na barafu nyeupe hurudisha mwanga ambao maji meusi yangeumeza, hivyo baridi hujiongezea yenyewe hata baada ya salfa kuisha. Katika kisiwa cha Baffin, kaskazini mwa Kanada, barafu inayoyeyuka sasa imefichua mimea iliyofunikwa ikiwa bado mizima, na vipimo vya kaboni-14, vinavyoonyesha umri wa mabaki ya viumbe, vilivyochapishwa mwaka 2012 vilionyesha kwamba mingi ilifunikwa ghafla kati ya mwaka 1275 na 1300, na kundi jingine kati ya 1430 na 1455. Kipindi cha kwanza kinafuatana na lile kundi la milipuko ya karne ya 13.

Mwaka 1600 Huaynaputina ililipuka huko Peru, na kati ya 1601 na 1603 Urusi ikapatwa na njaa iliyoua watu wengi mno. Kuanzia Juni 1783 ufa wa Laki huko Iceland ulitoa gesi kwa miezi minane, takriban tani milioni 120 za dioksidi ya salfa, na zaidi ya mtu mmoja kati ya kila watano wa kisiwa hicho akafa, wengi kwa njaa baada ya mifugo kuangamia. Sisi wa Afrika tunalo la kujifunza katika mkasa huo, kwa sababu kiangazi hicho mafuriko ya Mto Naili yalikuwa haba na Misri ikaingia katika njaa. Vielelezo vilivyochapishwa mwaka 2006 vinaeleza sababu yake: ardhi ya kaskazini ilipopoa, tofauti ya joto inayozivuta mvua za masika ya Sahel na za nyanda za juu za Ethiopia ilipungua, na maji ya Naili, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka Ethiopia, yakapungua pia. Volkano ya mbali huweza kugusa mvua kuliko inavyogusa joto.

Tarehe 10 Aprili 1815 Tambora ililipuka katika kisiwa cha Sumbawa, Indonesia, ikatoa salfa takriban mara tatu ya ile ya Pinatubo. Mwaka uliofuata, 1816, unajulikana Ulaya na Marekani kama mwaka usio na kiangazi. Theluji ilianguka mwezi Juni kaskazini mashariki mwa Marekani, nafaka zilioza mashambani Uswisi, na katika jimbo la Yunnan huko Uchina mpunga ulikosa kuiva na watu wakala udongo. Hata hivyo wastani wa joto la dunia nzima ulishuka kwa nyuzi 0.4 hadi 0.7 tu. Nasema “tu” kwa sababu ya tarakimu, si kwa sababu ya mateso. Nusu nyuzi ya wastani wa dunia ilitosha kuvuruga mavuno katika mabara matatu.

Sasa jua. Mionzi yake inayotufikia, ikipimwa nje ya angahewa, ni takriban wati 1,361 kwa kila mita ya mraba. Wanaastronomia wamekuwa wakihesabu madoa ya jua, yaani sehemu zake zinazoonekana nyeusi, tangu miaka ya 1610, na Heinrich Schwabe, Mjerumani aliyelitazama jua kwa uvumilivu wa miaka mingi, alitangaza katika miaka ya 1840 kwamba madoa hayo huongezeka na kupungua kwa mzunguko, ambao sasa tunajua kuwa ni wa takriban miaka 11. Jua lenye madoa mengi hung’aa zaidi kidogo, kwa sababu maeneo angavu yanayoandamana na madoa huzidi giza la madoa yenyewe. Setilaiti zimepima mng’ao huo bila kukoma tangu mwishoni mwa mwaka 1978, na tofauti kati ya kilele na shimo la mzunguko ni takriban asilimia 0.1.

Piga hesabu hii ubaoni pamoja na wanafunzi. Kwa kuwa dunia ni mviringo na nusu yake imo gizani, wati 1,361 hugawanywa kwa 4, tunapata 340. Asilimia 30 hivi ya mwanga huo hurudishwa angani na mawingu, barafu na mchanga, hivyo zinabaki kama wati 240. Asilimia 0.1 ya 240 haifiki robo wati. Linganisha na wati 3 ambazo Pinatubo peke yake ilizizuia. Ni kweli kwamba jua hudumu katika hali moja kwa muda mrefu kuliko utando wa salfa, lakini mzunguko wa miaka 11 huacha alama ya takriban nyuzi 0.1 katika wastani wa joto la dunia, na inahitajika takwimu ya uangalifu ili kuiona.

Wanaotetea nguvu ya jua huelekeza kidole kwenye kipindi cha kati ya 1645 na 1715, ambapo madoa karibu yalitoweka kabisa. Kipindi hicho kinaitwa kwa jina la Edward Maunder, Mwingereza aliyekichunguza pamoja na mkewe Annie Maunder, na kilipata umaarufu baada ya John Eddy kuandika juu yake mwaka 1976 na kukihusisha na baridi ya Ulaya. Kabla ya darubini tunalifuata jua kwa njia nyingine: likiwa dhaifu, nguvu yake ya sumaku hupungua, mionzi kutoka anga za mbali hupenya kwa wingi zaidi hadi kwenye angahewa yetu na kutengeneza kaboni-14, ambayo hukaa katika pete za miti, na beriliamu-10, ambayo hukaa barafuni. Vipimo hivyo vinakubali kwamba jua lilikuwa dhaifu wakati wa Maunder, na kwamba lilidhoofika mara nyingine kabla ya hapo. Sina sababu ya kulikana hilo. Lakini makadirio mengi yanaiweka athari ya udhaifu huo kati ya nyuzi 0.1 na 0.3 katika wastani wa dunia, na tarehe zinakataa kabisa kwamba jua la wakati wa Maunder ndilo lililoanzisha Enzi Ndogo ya Barafu. Mimea ya kwanza ya Baffin ilikuwa imekwisha kufunikwa zaidi ya miaka mia tatu kabla ya mwaka 1645. Kadhalika upungufu mwingine wa madoa, ule wa takriban 1790 hadi 1830, mara nyingi hutajwa kama chanzo cha baridi ya miaka ya 1810, ilhali ndani yake umo mlipuko wa Tambora na mwingine mkubwa wa mwaka 1809 ambao unaonekana wazi katika barafu ya ncha zote mbili. Mwenye kulitaja jua bila kuitaja milipuko hiyo amechagua shahidi mmoja na kumfungia mlango mwenzake.

Nisilipunje jua haki yake. Mionzi yake ya urujuanimno hubadilika kwa asilimia kubwa zaidi kuliko mng’ao wote kwa jumla, nayo humezwa na ozoni katika stratosfia, ambako huweza kubadilisha mkondo wa upepo. Kwa sababu hiyo jua dhaifu linaweza kuongeza ukali wa majira ya baridi kaskazini magharibi mwa Ulaya bila kubadilisha sana wastani wa dunia, na ndiyo maana simulizi za Mto Thames ulioganda haziwezi kutumika kama kipimo cha joto la sayari. Tena daraja la kale la London lilikuwa na nguzo nyingi zilizopunguza kasi ya maji. Lilipobomolewa katika miaka ya 1830, mto ulikuwa mgumu zaidi kuganda hata kama baridi ingerudi.

Hapa kwetu tunao mfano wa jinsi jua linavyoweza kuwadanganya hata wataalamu. Mwaka 1923 C. E. P. Brooks, mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, alilinganisha vipimo vya kina cha Ziwa Victoria, vilivyoanza mwaka 1896, na hesabu ya madoa ya jua, akaona vinapanda na kushuka pamoja kwa namna ya kuvutia sana. Miaka michache baadaye uhusiano ule ukavunjika. Mvua kubwa za mwaka 1961, zilizotokana na hali ya Bahari ya Hindi, zililiinua ziwa kwa zaidi ya mita 2, na Mei 1964 likafikia kiwango ambacho halikuwahi kufikia tangu vipimo vianze. Mwaka huo huo wa 1964 madoa yalikuwa katika shimo la mzunguko. Mei 2020 ziwa likakifikia tena kiwango hicho na kukizidi kidogo, na shimo la madoa lilikuwa Desemba 2019. Uhusiano wa mizunguko miwili au mitatu hautoshi kuthibitisha sababu, hasa pale ambapo mtu ana vitu vingi vya kulinganisha na hulitaja lile tu lililolingana.

Ushahidi wa muda mrefu zaidi umo katika mashapo ya Ziwa Naivasha. Dirk Verschuren na wenzake walichapisha mwaka 2000 historia ya miaka 1,100 ya ziwa hilo, wakaonyesha kwamba kati ya takriban 1000 na 1270 eneo hilo lilikuwa kame kuliko sasa, na kwamba katika Enzi Ndogo ya Barafu lilipata maji mengi, isipokuwa katika vipindi vitatu vya ukame mkali. Nyakati za maji mengi zilikaribiana na nyakati za jua dhaifu. Naichukulia kazi hiyo kwa uzito, ila inahusu mvua ya sehemu moja ya Bonde la Ufa, nayo haiwezi kugeuzwa kuwa kipimo cha joto la dunia nzima.

Na kwa kuwa wanafunzi hupenda kutaja Toba, volkano ya Sumatra iliyolipuka takriban miaka 74,000 iliyopita na kusemwa kwamba ilikaribia kuwamaliza wanadamu, waeleze kwamba majivu yake yalisafiri zaidi ya kilomita 7,000 na chembe zake zikapatikana katika mashapo ya Ziwa Nyasa. Watafiti waliyachunguza mashapo yaliyo juu na chini ya chembe hizo, wakachapisha mwaka 2013 kwamba hawakuona dalili ya baridi kali ya miaka mingi katika ziwa hilo. Mlipuko mkubwa kuliko wote wa nyakati za mwanadamu haukuacha hapa Afrika Mashariki alama ambayo wengi waliitarajia.

Jambo moja lisichanganywe na haya. Zile enzi kubwa za barafu za makumi ya maelfu ya miaka hazikutokana na jua kubadilisha nguvu yake wala na volkano. Zilitokana na mabadiliko ya polepole ya mzingo wa dunia na mwinamo wake, yanayohamisha mwanga kati ya majira na kati ya kaskazini na kusini, katika mizunguko ya takriban miaka 23,000, 41,000 na 100,000, kisha gesi ya ukaa na barafu vikaiongezea nguvu athari hiyo. Ndiyo mizunguko iliyoifanya Sahara kuwa na nyasi na maziwa miaka 9,000 iliyopita. Mwendo wake ni wa taratibu mno kueleza mabadiliko ya karne moja.

Nije sasa kwenye sehemu ya mwisho ya swali lako. Joto la kati ya 1910 na 1940 hivi lilipata msaada wa kweli kutoka kwa vitu hivi viwili, kwa kuwa jua liliongezeka kidogo, na baada ya mlipuko wa Alaska wa mwaka 1912 dunia ilikaa nusu karne bila mlipuko mkubwa wa salfa hadi Agung ya Bali mwaka 1963. Wape wanafunzi wako haki yao hapo. Tangu setilaiti zianze kupima, hata hivyo, mng’ao wa jua haujapanda. Mzunguko wa madoa wa kati ya 2008 na 2019 ulikuwa dhaifu kuliko yote ya takriban miaka mia moja, na muongo huo ukawa wa joto kuliko miongo yote iliyokuwa imepimwa. Ripoti ya Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2021 inaonyesha kwamba dunia ilikuwa imepata joto la takriban nyuzi 1.1 tangu nusu ya pili ya karne ya 19, na kwamba mchango wa jua na volkano kwa pamoja katika ongezeko hilo uko kati ya kupunguza nyuzi 0.1 na kuongeza nyuzi 0.1. Mzigo wa binadamu, yaani nishati ya ziada ambayo shughuli zake zinaiongezea dunia, umekadiriwa kuwa takriban wati 2.7 kwa mita ya mraba, karibu sawa na Pinatubo ya kilele chake iliyogeuzwa upande wa joto, ila huu haushuki baada ya miaka mitatu.

Kuna alama nyingine isiyotegemea hesabu za nguvu. Kama jua lingekuwa ndilo linaloongeza joto, angahewa yote ingepata joto, ya chini na ya juu. Vipimo vya maputo na setilaiti vinaonyesha kwamba hewa ya chini inapata joto huku stratosfia ikipoa, na hivyo ndivyo inavyotarajiwa pale gesi ya ukaa inapozuia joto lisitoke. Wapo pia wanaosema kwamba volkano ndizo zinazotoa gesi hiyo ya ukaa. Volkano zote za dunia kwa mwaka hutoa chini ya asilimia 1 ya kile kinachotolewa na makaa ya mawe, mafuta, gesi na saruji, ambacho ni zaidi ya tani bilioni 35.

Ukitaka waone wenyewe, wape karatasi ya mraba na takwimu za wastani wa joto la dunia za kila mwaka tangu 1950, ambazo NASA huzitoa bure. Wachore mstari wa joto, kisha waweke alama nyekundu kwenye 1963, 1982 na 1991, miaka ya Agung, El Chichón ya Mexico na Pinatubo, na alama za bluu kwenye 1954, 1964, 1976, 1986, 1996, 2008 na 2019, miaka ya mashimo ya madoa. Wataona joto likishuka baada ya Agung na baada ya Pinatubo, na wataona mstari ukipanda karibu bila kujali alama za bluu. Baada ya 1982 hawataona mteremko ulio wazi, nao watakuuliza kwa nini. Waambie kwamba El Niño kali ya 1982 na 1983 ilikuwa ikipandisha joto la Bahari ya Pasifiki wakati ule ule ambapo salfa ya El Chichón ilikuwa ikizuia mwanga, na vitu hivyo viwili vikafichana.